TUNUNUE NINI CHA KUWAFUNDISHIA WATOTO NYUMBANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Boito. Tumeyaandika hapa kwa sababu wanachama wengi walikuwa kwenye chai siku hiyo na wameomba wayapate.)

Asanteni kwa kuyaacha majani yangoje kidogo ili tuzungumze.

Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Tukitenga pesa za kikundi kwa ajili ya masomo ya watoto wetu wadogo, tununue nini? Swali hilo lina haraka. Bonasi ya chai ikiingia mwezi wa Oktoba, wauzaji nao huingia. Huyu ana chati za kung'aa, yule ana seti ya vitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiofunguliwa mpaka ulipe, na mwingine ana chombo cha betri kinachoimba A-B-C. Wote wana neno moja: mtoto wako akikosa hiki ataachwa nyuma. Na mzazi akisikia "ataachwa nyuma", mkono unakwenda mfukoni wenyewe.

Sisi tunasema tuanze upande ule mwingine. Kwanza tujue mtoto anatakiwa ajifunze nini mwaka huu, na sasa hivi anaweza nini. Pili tutazame kilichomo nyumbani mwetu. Kununua kuje mwisho, na kuwe kidogo.

Kwa nini tunalisema hili kwa mkazo? Kuanzia miaka ya 2009 na 2010, watu wa Uwezo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa Kenya, na pia Tanzania na Uganda. Walimpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili asome, na hesabu za darasa hilo afanye. Katika miaka ile ya kwanza hapa kwetu, watoto wa darasa la tatu walioweza kazi hiyo ya darasa la pili walikuwa kama 3 tu kwa kila 10. Sasa mfikirie. Watoto hao walikuwa wanakwenda shule. Walikuwa na sare na madaftari, na asubuhi waliaga nyumbani kama wengine. Ugonjwa huo haukuonekana kwa macho, na mzazi angeendelea kuhesabu miaka akidhani mtoto anapanda ngazi.

Basi leo jioni, kabla hujanunua chochote, chukua kitabu cha darasa la chini ya lile analosoma mtoto wako. Mwambie, "Nisomee hapa." Halafu nyamaza, usimsaidie. Dakika tano zile zitakuambia mengi kuliko muuzaji yeyote.

NYUMBANI SI BADALA YA SHULE

Tuondoe wasiwasi mmoja mapema. Wako wazazi hapa nchini, hasa Nairobi, ambao hawapeleki watoto shuleni kabisa, wanawafundisha nyumbani kwa mitaala ya kununua kutoka Marekani au Uingereza. Jambo hilo limefika hadi mahakamani. Hatukuja hapa kuwahukumu. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Kwa hiyo tunaposema kufundisha nyumbani tuna maana ya saa za jioni, Jumamosi, likizo, na ile miaka kabla ya nasari. Mtu asije akamzuia mtoto nyumbani achunge ng'ombe, halafu aseme tulimwambia sisi.

Na saa hizo si chache. Mnakumbuka Machi 2020, korona ilipofunga shule zote. Madarasa matatu tu yaliitwa mwezi wa Oktoba, wengine wakarudi Januari 2021. Taasisi ya mitaala, KICD, ilitoa masomo kwa redio na televisheni. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini redio inasema peke yake, mama yuko kwenye chai, na mtoto amelala chali anatazama dari. Tulichoona sisi ni kwamba pale palipokuwa na mtu wa kumwuliza mtoto "leo wamesema nini?", hata kama mtu huyo ni kogo asiyejua kusoma, mtoto alishika kitu.

MTAALA TUNAO TAYARI

Watu wanatafuta mtaala kama vile haupo. Upo, na ni wa bure. Tulikuwa na mfumo wa 8-4-4 tangu 1985, na mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Badala yake tuna Mtaala wa Umilisi, ule tunaouita CBC, ulioanza nchi nzima Januari 2019 kwa nasari na Gredi ya 1 hadi ya 3, kisha ukapanda mwaka kwa mwaka. Kwa watoto wa nasari mambo yake si mengi: lugha, hesabu, mazingira, sanaa na michezo, na dini. Mwalimu wa nasari anayo karatasi inayoonyesha mtoto wa mwaka wa kwanza na wa pili anatakiwa aweze nini. Nendeni mkamwombe awasomee. Katibu wa kikundi aandike kwa Kikipsigis au Kiswahili chepesi. Huo ndio mtaala wa nyumbani. Ukurasa mmoja unatosha.

Tunajua mnaguna mkisikia CBC. Mmelalamika, na sisi tumewasikia, kwamba mtoto anarudi saa kumi na moja jioni akisema kesho anatakiwa na picha za rangi zilizochapishwa, na duka la kuchapisha liko mbali na mvua inanyesha. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tofautisheni vitu viwili. Mtaala unataka mtoto afanye kitu kwa mikono yake, aone, apime, aeleze. Haukusema lazima kinunuliwe. Picha ya ng'ombe iliyochapishwa mjini haimfundishi mtoto wa Boito chochote kuhusu ng'ombe. Semeni hivyo kwa heshima kwenye mkutano wa wazazi. Walimu wengi watafurahi kusikia.

Sasa ile mitaala ya kuagizwa nje. Tumeiona. Karatasi nzuri, rangi nzuri. Ndani yake mtoto anahesabu senti za Marekani kabla hajaijua sarafu yetu ya shilingi 10. Anajifunza majira manne yenye theluji, na huku kwetu kuna kiangazi, mvua, na mvua ya mawe inayochana chai. Atajifunza hayo ya mbali baadaye, si vibaya. Ila mtoto wa miaka mitano aanze na kile anachoweza kukishika.

Na lugha? Hapa ndipo tunapokosana na wazazi wengi, na leo hatutarudi nyuma. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya 1976, msimamo wa Kenya ni kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na Mtaala wa Umilisi umeushika msimamo huo. Lakini mzazi analipa karo ya nasari na anataka asikie Kiingereza jioni ile ile. Basi mtoto anaimba "wan, tuu, thrii" hadi mia moja kama kasuku, ukimwambia akuletee viazi saba anakuletea sufuria nzima.

Angalieni hesabu yenyewe. Kwa Kikipsigis 11 ni taman ak agenge: kumi na moja. Kiswahili kinasema vile vile. Mtoto akitamka tu, tayari amesikia kwamba ndani ya 11 kuna kumi. Kiingereza kinasema "eleven" na "twelve", na kumi imejificha. Lugha ya nyumbani inamsaidia mtoto bure, halafu sisi tunaiweka kando tukanunue chati! Kusoma ni hivyo hivyo. Kwa Kiswahili "a" inasomwa "a" kila mahali; mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zao, anasoma "baba" na "bibi" siku hiyo hiyo. Kiingereza kina herufi zinazoandikwa na hazisomwi. Kije, tena kije vizuri, ila kiketi juu ya msingi.

MAMBO HAYA SI MAPYA

Mtu asifikiri tunawapa ya maskini kwa sababu nyinyi ni wakulima. Kule Roma, Italia, daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa watu wa hali ya chini. Wazazi walikuwa kazini mchana kutwa na watoto walizurura. Aliwapa watoto vitu vya kushika: vipande vya mbao vya kupanga kwa ukubwa, shanga za kuhesabu, na herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili mtoto apitishe kidole na mkono ukumbuke umbo. Siku hizi jina lake limebandikwa kwenye nasari za gharama kubwa na vifaa vyake vinauzwa bei ya mbuzi. Lakini vilianza kwa watoto ambao mama zao walikuwa wameenda kibaruani. Je, si sawasawa na kwetu, ambapo mama anatoka alfajiri na kikapu mgongoni?

Na hapa Kenya pia tuna njia yetu. Kuanzia 1971 taasisi ya elimu ya wakati huo, KIE, ilikuwa na mradi wa nasari kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Kutokana na kazi hiyo kikaundwa kituo cha taifa, NACECE, mwaka 1984, na baada yake vituo vya wilaya, DICECE. Wazee walio hapa wanakumbuka jina hilo. Walimu wa DICECE waliwaita wazazi waje na makopo, magunia, udongo, mbegu na mabua, wakae siku nzima watengeneze vifaa. Walikusanya pia hadithi na nyimbo za watoto kwa lugha za mama. Tangu katiba ya 2010 nasari ni kazi ya kaunti, na majina ya ofisi yamebadilika. Ujuzi uko kwa mama zenu. Waulizeni.

VITU VILIVYOMO NYUMBANI

Hebu tuingie kazini sasa.

Herufi. Chukua kipande cha katoni, chora herufi kubwa kwa gundi, au kwa uji mzito wa ngano kama huna gundi, nyunyiza mchanga mkavu, acha ikauke. Umepata herufi ya Montessori bila senti. Mtoto apitishe kidole huku akitamka sauti. Asiseme jina la herufi kwa Kiingereza, atamke sauti yake. Fanya nne au tano kwanza, si zote. Anza na a, m, t, i, k, maana kwa hizo unapata mama, mti, mimi, kata, kiti. Silabi ziandike kwenye vipande vidogo vya katoni, apange maneno mezani kama anavyopanga mawe.

Kumi. Kata vijiti vilivyonyooka vya urefu mmoja. Mtoto ahesabu kumi, afunge kwa kamba ya sisal. Afunge mafungu kumi, ayafunge tena pamoja: hiyo ni mia. Sasa 34 si mchoro ubaoni, ni mafungu matatu na vijiti vinne anavyoviona. Ukimwambia atoe 8 kutoka 34, ni lazima afungue fungu moja. Mtoto aliyefungua kamba kwa mkono wake hatasumbuka na kile kitendo cha "kukopa" kwenye daftari. Tungekuwa na ruhusa ya kutoa kifaa kimoja tu kwa kila nyumba ya Boito, tungetoa vijiti mia moja na kamba.

Chai yenyewe. Hapa tuna utajiri ambao watoto wa Nairobi hawana. Tunachuma majani mawili na kichipukizi. Mtoto wa nasari apange machipukizi matano juu ya gunia: majani ni mangapi? Vichipukizi ni vingapi? Vyote pamoja? Mbili mara tano, tatu mara tano, yote yako pale. Mkubwa kidogo apewe risiti ya kituo cha kupimia. Tuseme Jumatatu ni kilo 18, Jumanne kilo 22, Jumatano mvua ya mawe, hakuna, Alhamisi kilo 15 na nusu. Ajumlishe. Alinganishe Jumanne na Alhamisi. Azidishe kwa bei ya kilo mnayoijua nyinyi. Mwisho wa mwezi ajumlishe risiti zote, na jumla yake mwiweke kando ya hesabu mnayoletewa. Hapo somo la mtoto limegeuka kuwa ulinzi wa pesa za nyumba. Kuna baba mmoja, hatumtaji jina, anayeweka risiti zake kwenye kofia kuukuu mwaka mzima bila kuzitazama. Sasa binti yake wa Gredi ya 5 ndiye anayezipanga kwa tarehe.

Lakini tusikie vizuri. Kujifunza kwa chai si kuchuma chai. Mtoto akipewa kikapu ajaze kabla ya kwenda shule, hiyo ni kazi, wala haiitwi somo hata ukimwambia ahesabu kilo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya kazi inayomdhuru au kumkosesha masomo. Machipukizi matano juu ya gunia ni somo. Kikapu kilichojaa ni kibarua.

Kupima. Gorogoro ya mahindi, kikombe, chupa ya nusu lita, ndoo. Vikombe vingapi vinajaza gorogoro? Kisia kwanza, halafu pima. Hilo la kukisia msiliruke, maana ndilo linalomfanya mtoto afikiri. Ukisema tu "pima", anajaza na kumwaga maji.

Mvua. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na paa. Kila asubuhi mtoto achovye rula mpaka chini, asome milimita, aandike kwenye kalenda, kisha amwage. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo anaweza hata kujua paa la nyumba limepokea lita ngapi. Tenki ambalo kikundi chenu mnachangia, je, ni la ukubwa gani? Mtoto wa Gredi ya 6 atawasaidia kulipigia hesabu.

Hadithi na vitendawili. Hivi hatuvisemei sana, kila nyumba inavyo. Ila mtoto asisikilize tu, naye arudie kwa maneno yake, na kesho mmoja aliyejua kuandika amwandikie alivyosema, sentensi mbili tatu, kisha mtoto azisome. Maneno ni yake mwenyewe, kwa hiyo hayamshindi.

Tahadhari. Mbegu na vishanga havifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, vinaingia puani na masikioni na kooni. Vifuniko vya soda vigongwe kingo zisikate. Kopo la dawa ya shamba lisitumike hata likioshwa mara kumi, wala gunia la mbolea. Tafuteni la sukari au la unga. Betri zilizokwisha zisichezewe.

Na ikiwa mtoto hasikii vizuri, haoni ubaoni, au amepitwa mno na wenzake, msimwite mjinga wala msinunue kitabu kingine. Vituo vya kupima watoto, vile vya EARC, vipo nchini tangu 1984. Mwalimu mkuu atawaelekeza.

MKIFIKA KUNUNUA

Basi kununua. Kabla ya yote mwulizeni mwalimu shule ina vitabu gani. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya masomo moja kwa moja kwenye shule za umma. Ni jambo la kusikitisha kikundi kununua kile kile kilichoko kabatini shuleni kimefungiwa kufuli kwa kuogopa kichakae. Pengine mnachohitaji ni mazungumzo na kamati ya shule kuhusu ufunguo.

Kwa vitabu vya masomo, KICD ina orodha yake ya vitabu vilivyokubaliwa, na walimu huiita Orange Book. Muuzaji akisema chake ni cha CBC, mwombe akuonyeshe kwenye orodha. Neno "CBC" kwenye jalada halina maana, mtu yeyote mwenye wino anaweza kulichapa.

Lakini ushauri wetu ni kwamba pesa za kikundi zisiende kwenye vitabu vya mazoezi vya kujaza nafasi. Kitabu cha kujaza kikijazwa kimekufa. Mtoto wa pili hakitumii. Nunueni vitabu vya hadithi, vyembamba, vingi, vya viwango mbalimbali. Kitabu kimoja cha hadithi kinapita mikono ya watoto ishirini. Seti kubwa yenye jalada gumu mara nyingi inaishia juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa, wageni waione.

Mpelekeni mtoto dukani, au mwombe muuzaji afungue mfuko. Asiyetaka kufungua, mwacheni aende. Fungueni ukurasa wenye maneno kama hamsini, mtoto asome kwa sauti, na kila neno linalomshinda akunje kidole kimoja. Vidole vikifika mut, yaani vitano, kitabu hicho ni kigumu kwake kusoma peke yake. Asipokunja hata kimoja ni chepesi. Kinafaa kwa raha, na raha nayo ni muhimu. Kati ya hapo ndipo penye kufundishika. Tazameni pia kama kimeshonwa au kimebandikwa gundi tu, maana cha gundi hakimalizi muhula. Tena mwulize mtoto, "Unakitaka?" Tunashangaa ni wazazi wachache wanaomwuliza.

Kuhusu simu, wengi wameuliza. KICD ina masomo kwenye mtandao, na yapo mazuri. Lakini bando linalipiwa, na simu ni ya baba, na baba yuko sokoni. Simu itumike kwa kitu inachokiweza kweli: mrekodi kogo akisimulia hadithi, mtoto asikilize tena akiwa peke yake. Tableti za kikundi sisi hatuzipendekezi kwa sasa. Pesa za tableti moja zinaleta sanduku la vitabu, na sanduku halivunjiki kioo.

SANDUKU LA KIKUNDI

Vikundi vingi vina watu kama 20. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, ni shilingi 1,000, na kwa mwaka 12,000. Hiyo inatosha kuanzia. Fundi wa kikundi atengeneze sanduku la mbao lenye kifuniko cha bati, maana mvua yetu mnaijua. Sanduku likae wiki mbili nyumba hii, wiki mbili nyumba ile, kwa zamu kama merigoraundi ya pesa. Ndani muweke vitabu vya hadithi, silabi za katoni, mafungu ya vijiti, rula, na daftari la kuandika nani amechukua nini. Kitabu kikipotea, mzazi alipe nusu ya bei. Mkitaka alipe yote, watu wataogopa kuwapa watoto vitabu, na mtarudi kwenye kile kitambaa cha sebuleni.

Jumamosi alasiri watoto wakutane pale sanduku lilipo kwa saa moja. Msimweke mtu awe mwalimu wa kuchapa. Kijana wa sekondari aliye likizoni anatosha, na mkimpa chai na kiazi hatalalamika. Wakubwa wawasomee wadogo wawili wawili. Mkubwa dhaifu asiyeweza kitabu cha darasa lake atasoma cha wadogo bila aibu, kwa sababu "anawasomea". Hiyo ni siri yetu sisi na nyinyi.

Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, je, mimi niliyeishia darasa la pili nitamfundishaje mtu? Mama, kazi yako ni kumkalisha. Nusu saa baada ya kukamua, taa iwake, redio izimwe. Mwambie akusomee, na akimaliza mwulize: nani alikuwa kwenye hadithi, alifanya nini, wewe ungefanya nini? Akikwama kwenye maswali hayo, utajua alikuwa anatamka tu. Huhitaji kusoma ili kugundua hilo. Na wako wengine hapa ambao wakikaa hivyo miezi sita wataanza kuzitambua silabi wao wenyewe. Msishangae, wala msiwacheke.

Wazee, hili si la akina mama peke yao. Mtoto wa kiume akimwona baba ameshika gazeti au risiti na kuisoma, anaona kusoma ni kazi ya wanaume pia.

Kwa mwezi ujao tumeomba kila kikundi kilete watu wawili kwa siku ya kutengeneza vifaa. Waje na gunia safi la sukari, katoni mbili, kopo lenye kuta zilizonyooka, vijiti mia moja vilivyokatwa tayari, na ile karatasi ya mwalimu wa nasari. Sisi tutaleta kalamu nzito za wino na uji wa ngano. Atakayeweza aje na kogo mmoja anayejua hadithi nyingi. Tutamtafutia kiti cha mbele.